Fauja Singh, mzee aliyeanza mbio sababu ya huzuni na akajua siku ya kuziacha

Jumatatu tarehe 14 mwezi wa saba 2025, mzee mmoja alitoka nyumbani katika kijiji cha Beas Pind, karibu na mji wa Jalandhar, kaskazini mwa India. Alikuwa anaenda kutembea kwa miguu, kama alivyozoea. Alipokuwa akivuka barabara kubwa inayopita karibu na kijiji, gari likamgonga. Dereva hakusimama. Mzee alipelekwa hospitali, na siku ileile akaaga dunia. Kadiri ya paspoti yake, alikuwa na umri wa miaka 114.

Jina lake lilikuwa Fauja Singh. Katika nchi nyingi alijulikana kama mzee wa kilemba aliyekimbia marathoni akiwa na miaka 100. Hata hivyo, mbio zilizomletea sifa zilichukua sehemu ndogo sana ya maisha yake. Alianza mashindano makubwa akiwa na miaka 89 na kuyaacha akiwa na 101. Mbele ya hapo alikuwa mtoto asiyeweza kutembea, kisha kijana aliyependa kukimbia, kisha mkulima aliyeacha kabisa, kisha mzazi aliyezika mke na watoto wawili. Hakuwahi kulipwa mshahara kama mkimbiaji, na hakuna klabu tajiri iliyomlea.

Habari yake inagusa jambo ambalo watu wengi wa Kivu na Ituri wanalifahamu. Mtu akiisha kuzika watoto wake, ataishi namna gani siku zinazofuata? Mzee Fauja alipata jibu lake katika miguu yake. Na jibu hilo lilibadilika mara nyingi kadiri miaka ilivyopita.

Miguu kama fimbo

Fauja Singh alizaliwa tarehe 1 mwezi wa nne 1911, wakati India ilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Familia yake ilikuwa ya wakulima wa Punjab, jimbo la mashamba ya ngano na miwa. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya wanne.

Wazazi waliogopa mapema. Mtoto alifika mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na bado hakutembea. Miguu yake ilikuwa myembamba na bila nguvu. Alisimama na kutembea alipofika miaka mitano, na hata kisha ya hapo hakuweza kwenda mwendo mrefu. Watoto wenzake walimcheka na kumpa jina la utani lenye maana ya fimbo. Masomo hakuyapata. Hakujifunza kusoma wala kuandika katika maisha yake yote.

Kazi ya shamba ndiyo iliyomjenga. Kijana wa mashambani hachagui kufanya spoti ao kutoifanya. Anabeba, analima, anafuata wanyama, anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu. Nguvu zilikuja polepole, na alipokuwa kijana alianza kupenda kukimbia. Alikimbia kwa furaha tu, bila saa ya kupima muda na bila mtu wa kumfundisha.

Familia yake ilikuwa ya dini ya Wasikh. Wakaaji wa Goma wanaweza kukumbuka askari wa kilemba kati ya kikosi cha India kilichokaa Kivu ya Kaskazini kwa miaka mingi pamoja na MONUSCO. Wengi wa wale wenye kilemba ni Wasikh. Dini yao ilianzia Punjab, na kati ya mafundisho yake makubwa ni kutumikia wengine bila kutafuta malipo. Fundisho hilo litarudi mbele katika maisha ya mzee huyu.

1947: mkulima anaacha kukimbia

Mwaka wa 1947, Uingereza iliondoka na nchi ikagawanywa kuwa India na Pakistan. Mpaka mpya ulipita katikati ya Punjab. Watu zaidi ya milioni 10 walihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mamia ya maelfu wakauawa njiani ao katika vijiji vyao. Jalandhar ilibaki upande wa India, lakini eneo lote lilijaa wakimbizi.

Ni wakati huo ambapo Fauja Singh aliacha mbio. Alikuwa na umri wa miaka 36, umri ambao wanaume wengi wanaweka maisha ya ujana pembeni ili kutazama familia. Alikuwa na mke, na pamoja walipata watoto sita. Kwa karibu miaka hamsini iliyofuata alibaki mkulima, akizeeka kijijini sawa na jirani zake.

Kama maisha yake yangeishia hapo, hakuna mtu nje ya Beas Pind ambaye angejua kwamba mzee huyo aliwahi kupenda kukimbia. Watu wa namna hiyo ni wengi. Kila kijiji kina mzee aliyekuwa na mguu mzuri wa mpira ao mkimbiaji wa shule, ambaye leo anasimulia tu.

Misiba mitatu

Misiba ilifuatana. Binti yake mkubwa alikufa kisha ya kuzaa. Mwaka wa 1992 mke wake akafa. Miaka miwili baadaye, mwezi wa nane 1994, mtoto wake wa kiume ambaye alikuwa anaishi naye na kulima naye akafa katika ajali ya ujenzi. Baba alikuwepo. Aliona kifo hicho kwa macho yake.

Alikuwa na umri wa miaka 83. Baadaye aliwaeleza waandishi wa habari kwamba wakati ule alipoteza hamu ya kuishi. Watoto wake wengine walikuwa wamehamia nchi za nje, na mmoja alikuwa London. Familia iliona baba hawezi kubaki peke yake na huzuni ile, akapelekwa Uingereza kuishi na mtoto wake katika mtaa wa Ilford, mashariki ya London.

Familia za Kongo zenye watoto Ulaya, Kanada ao Marekani zinajua hali hiyo. Mzazi anatolewa kijijini kwa mapendo, lakini anafika mahali ambapo hana shamba, hana jirani wa kuongea naye, na lugha ya barabarani haielewi. Mzee Fauja alizungumza Kipunjabi tu. Asubuhi watoto wanakwenda kazini, wajukuu wanakwenda masomoni, na yeye anabaki ndani na mawazo yake.

Akaanza kutoka. Kwanza alitembea, kisha akatembea kwa haraka, kisha akaanza kukimbia kidogo kidogo. Kitu alichokiacha mwaka wa 1947 kilirudi akiwa mzee, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Ujanani alikimbia sababu alikuwa na furaha. Sasa alikimbia sababu furaha ilikwisha, na saa moja ya jasho ilimpa nafasi ya kupumua mbali na msiba.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linaeleza kwamba kutikisa mwili mara kwa mara kunasaidia kupunguza dalili za huzuni kubwa na wasiwasi. Mzee Fauja hakusoma ripoti yoyote. Alijua tu kwamba siku aliyokimbia ilikuwa nyepesi kuliko siku aliyokaa.

Kostime ya vipande vitatu

Alipokaribia miaka 89 alisikia habari ya marathoni ya London na akataka kuikimbia. Akaelekezwa kwa Harmander Singh, Msikh wa Ilford ambaye mwenyewe alikuwa amekimbia marathoni nyingi na alikuwa akifundisha wengine kwa kujitolea.

Siku ya kwanza ya mazoezi, mzee alifika amevaa kostime ya vipande vitatu: suruali, koti na kizibao. Kwake ilikuwa heshima. Mtu anayekwenda kuonana na mwalimu anavaa nguo zake nzuri. Kocha alilazimika kuanza na mambo ya chini kabisa: treningi, viatu vya spoti, namna ya kunywa maji, namna ya kupumzika.

Kulikuwa pia na kosa la hesabu. Mzee alikuwa tayari anaweza kukimbia kilometa 20 bila shida, na alisikia kwamba marathoni ni 26. Akafikiri ni kilometa 26. Lakini Waingereza wanahesabu kwa maili, na maili 26 na kidogo ni kilometa 42 na mita 195.

Ili kuelewa ukubwa wa kosa hilo, mtu afikirie barabara ya Goma kwenda Sake, ambayo ni karibu kilometa 25. Mzee alijitayarisha kwa safari ya namna hiyo. Sasa akaambiwa kwamba akifika Sake hatakuwa amemaliza: anapaswa kugeuka na kurudi kilometa nyingine 16 ao 17, akiwa na miaka 89.

Hakuacha. Alipoelewa, alianza mazoezi kwa bidii zaidi. Mwezi wa nne 2000, siku chache kisha ya kutimiza miaka 89, alisimama kwenye mstari wa kuanzia London kati ya maelfu ya watu. Mshindi wa siku ile, António Pinto wa Ureno, alitumia saa 2 na dakika 6. Upande wa wanawake alishinda Mkenya Tegla Loroupe. Mzee Fauja alifika kwa saa 6 na dakika 54. Alimaliza marathoni yake ya kwanza akiwa na miguu ileile iliyochekwa utotoni.

Kukimbia kwa ajili ya wengine

Watu wengi wanaoanza kukimbia wanafika mahali ambapo sababu ya kwanza haitoshi tena. Huzuni ilimtoa Mzee Fauja ndani ya nyumba, lakini isingeweza kumsukuma miaka kumi. Alipata sababu ya pili: kuchanga pesa kwa ajili ya wengine.

Alikimbia kwa niaba ya shirika la Uingereza linalosaidia watoto wanaozaliwa mbele ya wakati. Picha ilikuwa ya kugusa moyo: mtu mwenye miaka karibu 90 anakimbia ili mtoto mwenye uzito wa kilo moja aweze kuishi. Mtu aliyezika watoto wake wawili alikuwa na sababu za kuelewa kazi hiyo. Pia ilipatana na fundisho la dini yake la kutumikia wengine.

Sifa zilikuja haraka. Mwaka wa 2004 kampuni ya Adidas ilimtumia katika matangazo yake, yaliyokuwa pia na Muhammad Ali na David Beckham. Mzee asiyejua kusoma akawa kwenye picha kubwa za barabarani. Maisha ya nyumbani hayakubadilika sana. Alikula chakula cha kijijini bila nyama: chapati, dengu, mboga za majani, maziwa na chai ya tangawizi, na alikula kidogo. Hakuvuta sigara wala kunywa pombe.

Katika miaka hiyo alifika kilele chake. Mwaka wa 2003, huko Toronto, Kanada, alimaliza marathoni kwa saa 5 na dakika 40. Alikuwa na miaka 92. Ukilinganisha na ile ya London ya mwaka wa 2000, alikuwa amepunguza saa moja na dakika 14, wakati umri ulikuwa umeongezeka kwa miaka mitatu. Hapo aliingia katika hatua nyingine tena: aliona kwamba anaweza kufanya vizuri zaidi, na alifurahia kujaribu.

Hakuficha kwamba ilikuwa ngumu. Aliwaeleza waandishi wa habari kwamba maili 20 za kwanza hazikumsumbua, na kwamba zile sita za mwisho alizikimbia akiongea na Mungu. Wanaojua marathoni wanaelewa. Kisha ya kilometa 30, akiba ya sukari mwilini inakaribia kwisha, miguu inakuwa mizito, na kichwa kinaanza kutafuta sababu za kusimama.

Toronto 2011: kikomo kinafunguliwa

Mwezi wa kumi 2011 alirudi Toronto. Sasa kadiri ya paspoti alikuwa na miaka 100, na Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa amekwisha kumwandikia barua ya pongezi, kama desturi kwa raia wake waliofikia umri huo.

Tarehe 13 alikimbia mbio nane kwa siku moja ndani ya uwanja, kuanzia mita 100 hadi mita 5.000. Mita 100 alizimaliza kwa sekunde 23 na kidogo. Katika baadhi ya mbio hizo hakukuwa na muda wowote wa kulinganisha, sababu hakuna mtu wa miaka 100 aliyewahi kujaribu.

Siku tatu baadaye, tarehe 16, alianza marathoni. Kulikuwa na watu wengi kiasi kwamba yeye alihitaji karibu robo saa ili kufika tu kwenye mstari wa kuanzia. Mkenya Kenneth Mungara alishinda, mwaka wa nne mfululizo, kwa saa 2 na dakika 9. Saa sita baadaye, mzee alikuwa bado barabarani. Wafanyakazi walikuwa wameanza kuondoa vizuizi na mabango ya wafadhili kwenye kikomo. Mchana ulikuwa unakwisha. Ndipo kilemba kikaonekana, katikati ya kundi la marafiki na kocha wake. Akavuka mstari kwa saa 8, dakika 11 na sekunde 6.

Ilikuwa saa mbili na nusu zaidi kuliko muda wake wa mwaka wa 2003 katika mji uleule. Mkimbiaji anayependa muda tu angeona aibu. Mzee Fauja alifurahi. Alikuwa amekubali kwamba mwili wa miaka 100 hauulizwi maswali ya mwili wa miaka 92. Sasa swali lilikuwa moja tu: atafika ao hatafika? Na alifika.

Karatasi iliyokosekana

Kisha ikaja habari nyingine. Wenye kuandika kitabu cha rekodi cha Guinness walikataa kumwandika kama mtu wa kwanza wa miaka 100 kumaliza marathoni. Hakuna aliyebisha kwamba alikimbia kilometa zote. Kilichokosekana kilikuwa cheti cha kuzaliwa. Walitaka karatasi iliyoandikwa mwaka wa 1911. Paspoti ya Uingereza yenye tarehe ya kuzaliwa na barua ya Malkia hazikutosha. Viongozi wa India walieleza kwamba wakati ule hakukuwa na uandikishaji wa watoto katika vijiji vile.

Pande zote mbili zilikuwa na sababu. Wanaotunza rekodi wanapaswa kuwa na uhakika, sababu umri wa wazee sana mara nyingi unakosewa. Lakini mtoto wa mkulima aliyezaliwa chini ya ukoloni hakuwa na uwezo wa kuagiza cheti.

Katika mashariki ya Kongo jambo hili si geni. Kuna wazee wanaohesabu umri wao kwa kukumbuka mlipuko wa volkano, njaa ao uhuru wa 1960. Kuna familia zilizokimbia vita na kuacha makaratasi yote ndani ya nyumba. Kwa watu wazima wengi, kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika kama kitambulisho. Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, inataka mtoto aandikishwe katika ofisi ya etat civil ndani ya siku 90 kisha ya kuzaliwa. Mzazi anayepuuza hatua hiyo hawezi kujua ni mlango gani utafungwa mbele ya mtoto wake miaka mingi baadaye: mtihani, urithi, safari, ao hata sifa ya kazi aliyoifanya kweli.

Mzee Fauja mwenyewe hakupigana na uamuzi huo. Aliendelea na mazoezi. Kama angekuwa anakimbia kwa ajili ya kitabu, angeacha siku ile. Lakini kitabu hakikuwa sababu iliyomtoa nyumbani kisha ya kifo cha mtoto wake, wala sababu iliyomrudisha barabarani kila asubuhi.

Siku ya kuacha

Mwaka wa 2012 alikimbia tena marathoni ya London, na katika mwaka uleule alibeba mwenge wa Michezo ya Olimpiki katika mji huo. Kisha akatangaza jambo ambalo wanamichezo wengi wanashindwa kulisema: kwamba anaacha mashindano, na atachagua siku mwenyewe.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 24 mwezi wa pili 2013, huko Hong Kong. Hakukimbia marathoni nzima. Alichagua mbio za kilometa 10, akazimaliza kwa saa 1, dakika 32 na sekunde 28. Zilibaki wiki tano atimize miaka 102. Alisema ataendelea kukimbia kwa afya, kwa furaha na kwa kusaidia wengine, lakini hatasimama tena kwenye mstari wa mashindano. Mwaka wa 2015 Uingereza ilimpa nishani kwa kazi yake katika michezo na misaada.

Wanaokimbia kwa miaka mingi wanajua ugumu wa hatua hiyo. Mtu anaanza polepole, mwili unazoea, muda unapungua, sifa zinakuja. Kisha siku moja muda unaanza kuongezeka tena. Wengine wanakataa kuona. Wanalazimisha goti linalouma, wanajilinganisha na vijana, na mwishowe wanaumia ao wanachukia mchezo waliokuwa wanaupenda. Wengine wanaacha moja kwa moja na kukaa, kama vile mwili usiokimbia haraka hauna tena kazi. Mzee Fauja alishika njia ya katikati. Alipunguza kutoka marathoni hadi kilometa 10, kutoka mashindano hadi mazoezi, kutoka kukimbia hadi kutembea.

Kwa anayetaka kuanza akiwa na umri mkubwa, njia hiyo inaweza kufuatwa pia kwa kugeuzwa: kutembea kwanza, kisha kutembea haraka, kisha kukimbia dakika chache. OMS inashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki, pamoja na mazoezi ya kusimama imara mara tatu kwa wiki ili kuzuia kuanguka. Dakika 150 ni kama nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwenda shamba ao sokoni kunahesabiwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ao sukari aonane na muganga mbele ya kuongeza mwendo.

Hatua za mwisho

Katika miaka yake ya mwisho, Mzee Fauja alirudi kuishi Beas Pind, kijiji kilekile ambamo hakuweza kutembea akiwa mtoto na ambamo aliona mtoto wake akifa. Aliishi kati ya familia yake, na aliendelea kutembea kwa miguu. Mbio zilikuwa zimekwisha, lakini desturi ya kutoka nje ilibaki.

Ndiyo desturi iliyomkuta kwenye barabara kubwa tarehe 14 mwezi wa saba 2025. Polisi walimkamata baadaye mwenye kuendesha gari lile. Tarehe 20 mwezi uleule, mwili wake ulichomwa kijijini kadiri ya desturi ya Wasikh, kwa heshima za serikali. Watu wengi walifika, na kati yao viongozi wa jimbo.

Wapo waliosema kwamba ni uchungu mtu aliyekimbia kilometa nyingi hivyo kufa akiwa anavuka barabara. Uchungu huo una haki. Barabara ambazo magari yanapita kasi kati ya nyumba za watu zinaua wazee na watoto huko Punjab sawa na hapa kwetu, na dereva anayekimbia kisha ya kugonga mtu anaongeza kosa juu ya kosa.

Lakini tarehe nyingine pia inafaa kukumbukwa. Mwaka wa 1994 mzee huyu alikuwa na miaka 83, na alisema hakuwa na hamu ya kuishi. Kutoka mwaka ule hadi siku ya kifo chake alipata miaka mingine 31. Hakuipata sababu alisahau wafu wake. Aliwataja katika mazungumzo mengi, hata akiwa maarufu. Aliipata sababu kila siku alivaa viatu na kutoka nje, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, na mwishowe kwa kutembea tena.